Waifai ya Bure na Gharama ya Data Mjini Kigoma na Ujiji

Dagaa wanaoanikwa katika mwalo wa Kibirizi ni wale wale wanaouzwa baadaye katika masoko ya Dar es Salaam, lakini bei yao si ile ile. Tofauti hiyo haitokani na dagaa kubadilika njiani, bali inatokana na safari yenyewe: kuna gunia, kuna mchukuzi, kuna lori au behewa, kuna ushuru, na kuna faida ya kila mtu ambaye mzigo umepita mkononi mwake. Anayelielewa jambo hili amekwisha kupata nusu ya maarifa yanayohitajika ili kufahamu kwa nini kifurushi cha intaneti humalizika upesi, na jinsi waifai ya bure inavyoweza kumpunguzia mwananchi gharama. Nusu iliyobaki ni fizikia kidogo na hesabu kidogo, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza katika makala haya.

Kinacholipiwa ni nini?

Maandishi, picha, sauti na sinema, vikiingia katika simu, vyote hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Kila tarakimu huitwa biti. Biti nane hufanya baiti moja, baiti milioni moja hufanya megabaiti moja, na megabaiti elfu moja hufanya gigabaiti. (Wako wanaohesabu 1,024 badala ya 1,000, lakini tofauti hiyo isimsumbue msomaji hapa.) La kuzingatia ni ukubwa wa mizigo. Ujumbe mfupi wa herufi 160 una baiti 140 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida ya siku hizi yaweza kufika megabaiti 3, yaani sawa na ujumbe mfupi zaidi ya 21,000. Nayo sinema inayopita kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, ambayo katika kioo kidogo cha simu huonekana vizuri kiasi, hula megabaiti 7.5 kwa dakika, na megabaiti 450 kwa saa.

Mji wa Ujiji uliyajua mambo ya namna hii zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa simu ya maandishi wa kampuni ya Cecil Rhodes, uliokusudiwa kuiunganisha Cape Town na Cairo, ulifika Ujiji, wala haukuendelea mbele zaidi. Katika enzi za simu za maandishi mtumaji alilipa kwa kila neno, na kwa sababu hiyo watu walijifunza upesi kuandika kwa ufupi. Aliyetaka kuongeza salamu kwa shangazi na wajomba wote alijua zitamgharimu kiasi gani kabla hajatoka dirishani. Leo pia tunalipa kwa kipimo, lakini kipimo chenyewe hakionekani. Sinema haina uzito mkononi. Mtu hubonyeza picha moja na ujumbe mmoja kwa kidole kile kile, na simu haimwambii kwamba kitendo cha kwanza ni kizito kuliko cha pili mara elfu ishirini na zaidi.

Kuhusu bei, wasomaji wengi watakumbuka kwamba mwezi Aprili 2021 mabadiliko ya bei za vifurushi yalizua malalamiko nchini kote, hata bei mpya zikasitishwa. Bei elekezi za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, za wakati huo zilikuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Vifurushi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo tutaitumia mipaka hiyo miwili kama kipimo cha hesabu tu. Kwa kipimo hicho, saa moja ya sinema tuliyoitaja hugharimu shilingi 914 hivi kwa bei ya chini, na shilingi 4,208 hivi kwa bei ya juu. Kwa mwanafunzi wa Ujiji anayefuata somo la hesabu katika YouTube, au kwa mama anayeuza mawese sokoni Mwanga na kujifunza ushonaji usiku, hizo si fedha za kuchezea.

Waifai si intaneti

Katika mazungumzo ya kila siku watu husema "waifai" wakiwa na maana ya "intaneti ya bure". Kosa hili ni dogo katika lugha lakini ni kubwa mfukoni, nasi tutalikawilia kidogo.

Waifai ni redio. Kisanduku kinachowekwa ukutani, kiitwacho ruta, hurusha mawimbi ya redio, na simu huyapokea na kuyajibu. Mawimbi hayo aghalabu ni ya masafa ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wa wimbi moja ni sentimita 12.5, au gigahezi 5, ambayo wimbi lake ni la sentimita 6. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu baadhi ya masafa ya namna hii yatumiwe bila leseni kwa vyombo vyenye nguvu ndogo, na mwaka 1997 ukatolewa utaratibu wa kwanza wa kimataifa wa kuyatumia kwa mawasiliano ya kompyuta. Makampuni ya simu, kwa upande mwingine, hutumia masafa ya leseni, na hulipia haki hiyo. Hii ndiyo sababu mojawapo ya waifai kuwa rahisi: masafa yake hayana mwenyewe.

Ila cha rahisi kina mipaka yake. Nguvu ya ruta ni kama sehemu moja ya kumi ya wati. Ukiongeza umbali mara mbili mahali palipo wazi, nguvu inayokufikia hupungua mara nne. Ukuta wa tofali huyadhoofisha mawimbi, bati huyarudisha, na maji huyameza, na kwa kuwa mwili wa binadamu umejaa maji, ukumbi uliofurika watu ni kizuizi cha aina yake. Hata majani ya mwembe yaliyolowa mvua hupunguza kitu. Kwa hiyo mtu anayekaa barabarani nje ya nyumba ya wageni akitegemea mawimbi yapenye kuta mbili atangoja sana, na betri yake itakwisha kabla ya mzigo kufika.

Sasa, redio hiyo huishia penye ruta. Kutoka hapo mzigo husafiri kwa njia nyingine kabisa, na hapo ndipo intaneti ilipo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ni nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga, nazo hufika Kigoma. Mwanga katika kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 1,250, ambayo ni kama urefu wa reli kati ya Kigoma na Dar es Salaam, ingemalizwa kwa muda usiozidi sehemu saba za elfu ya sekunde. Pale Dar es Salaam mzigo huingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama vile SEACOM, iliyofika mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini kusini mwa nchi yetu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku hiyo alama ya waifai katika simu ya mtu aliyekaa karibu na ruta ilionekana imejaa kabisa. Redio ilikuwa nzima; safari ndiyo iliyokatika.

Nani analipa?

Ikiwa safari ina gharama, basi waifai ya bure ina mlipaji. Nyumba ya wageni hulipa kwa mwezi, nayo hurudisha fedha zake katika bei ya chumba au ya chai. Chuo hulipa kutokana na ada au ruzuku. Mwandishi aliposoma ng'ambo alikuta waifai katika kila maktaba na kila ukumbi, imefunguliwa kama bomba la maji, wala hakukutana na mwanafunzi hata mmoja aliyejua nani anailipia. Ilikuwamo katika ada yao. Hapa nchini Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umeweka waifai ya bure katika baadhi ya maeneo ya umma, mathalani bustani ya Nyerere Square mjini Dodoma, na hapo mlipaji ni umma wenyewe.

Tofauti iliyopo ni hii: mwenye ruta aghalabu hulipia upana wa njia kwa mwezi mzima, si uzito wa mzigo. Ukitumia megabaiti 10 au gigabaiti 10, malipo yake hayabadiliki. Kwa sababu hiyo anaweza kukukaribisha bila hasara. Lakini njia yenye upana maalumu hugawanywa kwa waliomo. Tuseme ruta ina megabiti 20 kwa sekunde. Saa tatu usiku, watu 25 wakiwa wanaitumia, kila mmoja hupata megabiti 0.8, na somo letu la megabaiti 450 litachukua dakika 75. Saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa wawili tu, kila mmoja hupata megabiti 10, na somo lile lile hufika kwa dakika 6. Wavuvi wa dagaa hungoja giza la mwezi ili taa zao zifanye kazi; mwenye kutafuta waifai naye angoje wenzake walale.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni nauli. Ikiwa safari ya kutoka Ujiji hadi mjini Kigoma na kurudi inakugharimu shilingi 2,000, basi kwa bei ya chini tuliyoitaja ni lazima upakue megabaiti 985 ndipo nauli irudi. Kwa bei ya juu ni megabaiti 214. Ukinunua na soda ili usitazamwe vibaya na mwenye hoteli, iongeze. Mtu anayefunga safari ili asome ujumbe wa WhatsApp ambao haufiki megabaiti mbili amepata hasara, hata kama anaona fahari kwamba kifurushi chake hakikuguswa. Waifai ya bure ni ya mizigo mizito isiyo na haraka: masomo, sinema, programu mpya, ramani, vitabu, na nakala za akiba za picha. Barua ndogo ndogo na habari za haraka ziende kwa kifurushi, tena kidogo.

Jinsi simu inavyomponza mwenyewe

Mtu aweza kukaa karibu na ruta na bado akamaliza kifurushi chake. Simu nyingi zimewekwa ziwe zinahamia data ya mtandao wa simu zenyewe pindi waifai inapodhoofika, bila kuuliza. Mwenyewe anadhani anapakua bure, kumbe tangu mtu aliyefunga mlango wa chuma apite, mzigo unapita mnarani. Dawa yake ni rahisi mno: kabla hujaanza kupakua, zima data ya simu kabisa. Mzigo ukikatika, ukatike.

Mtego wa pili ni ule wa rafiki. Rafiki akikurushia intaneti kutoka katika simu yake, simu yako huiona kama waifai nyingine yoyote, na kwa kuwa imefundishwa kwamba penye waifai ni bure, huanza kusasisha programu zake zote na kupeleka picha zako katika hifadhi ya mbali. Kifurushi cha rafiki hufa kwa dakika chache na urafiki hutikisika. Katika mipangilio ya Android inawezekana kuitambulisha waifai hiyo kuwa ni ya kupimwa, na simu itajizuia. Ipo pia sehemu iitwayo Kiokoa Data, inayozuia programu zisitumie data kwa siri wakati huzitazami. Na katika WhatsApp, mtu aweza kuamuru kwamba picha, sauti na sinema zisijipakue zenyewe isipokuwa kwa waifai. Makundi ya harusi, ya ukoo na ya chama yana tabia ya kurudia sinema ile ile mara tatu kwa siku. Amri hiyo moja, kwa maoni yangu, yaokoa zaidi kuliko maarifa mengine yote ya simu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kanuni za mwaka 2021 zilielekeza mteja aweze kumhamishia mwenzake kifurushi katika mtandao ule ule, na aendelee kutumia kilichobaki endapo atakinunua tena kifurushi hicho kabla ya muda wake kwisha. Wengi hukiacha kikaoza.

Hatari za mlango uliofunguliwa

Waifai isiyo na neno la siri ni redio inayosema hadharani. Aliye karibu mwenye chombo kinachofaa aweza kusikiliza. Tovuti nyingi siku hizi hufunga mazungumzo yake kwa fumbo, ambalo huonekana kwa alama ya kufuli juu ya ukurasa, na kwa hiyo msikilizaji ataona umekwenda benki lakini hataona ulichosema. Hatari kubwa zaidi ni waifai ya uongo. Yeyote aweza kuipa simu yake jina la hoteli, akakaa mezani, na kungoja wageni waunganike naye, kisha akawaletea ukurasa unaofanana na wa kweli na kuwaomba namba za siri. Kabla ya kuunganika, muulize mhudumu jina halisi. Waifai isiyokuomba chochote isipokuwa namba yako ya siri ya fedha, ikimbie.

Kuhusu fedha za simu, wengi hawajui kwamba menyu ile ya nyota na alama ya reli haipiti katika waifai kamwe, wala haitumii kifurushi cha data. Hupita katika njia za ndani za kampuni ya simu. Mtu aliye mahali pasipoaminika afanye malipo yake kwa menyu hiyo badala ya kutumia programu ya simu. Wapo wanaoshauri kutumia VPN, ambayo huufunika mzigo wote kwa fumbo la ziada. Ushauri huo ni mzuri kiufundi, ila msomaji ajue kwamba mwezi Oktoba 2023 TCRA iliwataka wenye kuitumia wajiandikishe. Na kuvunja neno la siri la jirani ili kutumia ruta yake si ujanja wa mjini; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini.

Kuleta mara moja, kugawa mara nyingi

Tulisema kwamba waifai ni redio, na kwamba intaneti ni jambo jingine. Hili lina faida ambayo vijana wa Kigoma wameigundua bila kufundishwa na mtu: redio hiyo hufanya kazi hata pasipo intaneti. Simu mbili zikiwekwa karibu, kwa programu kama Xender au Quick Share, hurushiana nyimbo na sinema kwa waifai ya simu zenyewe, na hakuna hata baiti moja inayopita mnarani. Wanaiita kurushiana. Somo la megabaiti 450 huhama kwa dakika chache, na gharama ni chaji ya betri.

Tufanye hesabu yake. Darasa la wanafunzi 30, kila mmoja akilitazama somo lile moja la saa nzima kwa kifurushi chake, litatumia megabaiti 13,500. Kwa bei ya chini hiyo ni shilingi 27,405, na kwa bei ya juu ni shilingi 126,225. Mwalimu mmoja akilipakua mara moja alfajiri penye waifai ya chuo, kisha akawarushia wanafunzi watatu, na hao wakawarushia wenzao, darasa zima limepata somo na hakuna aliyelipa. Mzigo umesafiri kutoka mbali mara moja badala ya mara thelathini. Mfanyabiashara wa dagaa asingewahi kukodi lori thelathini kwa magunia yanayoenea katika lori moja, lakini katika simu zetu ndivyo tufanyavyo kila siku.

Ni lazima, hata hivyo, kilichopakuliwa kiwe ni halali kugawiwa. Ipo mali nyingi ya namna hiyo. Kamusi elezo ya Wikipedia, ikiwamo ile ya Kiswahili, hutolewa bure kama faili moja linalosomwa kwa programu iitwayo Kiwix bila intaneti yoyote, na leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa. Ramani pia zaweza kupakuliwa zikiwa bado mjini na kutumika ziwani, kwa sababu simu hujua ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na upokeaji huo haudai kifurushi.

Kwa vijiji vya kusini, kuelekea Mahale, ambako watu wengi husafiri kwa boti na ambako milima huyazuia mawimbi ya minara, njia hii si ya kubana matumizi tu. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64, ndogo kuliko ukucha, huchukua saa zaidi ya 140 za masomo kwa kipimo tulichokitumia. Ikipanda boti Kigoma mchana, kesho yake yaweza kuwa katika simu ya mwalimu wa kijijini, na jioni yake katika simu za wanafunzi wake. Boti ni ya polepole, lakini ukigawa gigabaiti 64 kwa saa 20 za safari, wastani wake unapita megabiti 7 kwa sekunde, kasi ambayo wengi tuliokaa mjini usiku, watu 25 penye ruta moja, hatuipati. Kazi inayobaki ni kumpata mtu wa kuijaza upya kila boti inaporudi mjini.